Mafuta ya Taa kwa Twaiba

Jumatatu, 12 Mei 2025
Juzi tulimzika Abdulwahab, hapa hapa Munje. Mdogo wangu wa mwisho. Kaenda Ukunda, kaingia mkahawani kunywa chai, bomu likalipuka — basi. Watu wananisifu kwamba nina subira. Subira gani! Silii kwa sababu nina hasira, na hasira yenyewe haijui iende wapi. Leo nimemfokea kuku. Nimemfokea hata imamu kwa kurefusha dua. Kasema amenisamehe, ndipo nikazidi kukasirika.

Jumatano, 14 Mei
Hasira imepata pa kwenda. Polisi wanamtafuta Kheri, mtoto wa jirani yangu Twaiba. Inasemekana ndiye aliyewabeba walipuaji kwa bodaboda yake. Ametoroka. Binamu yangu Tsuma kaja na vijana wenzake, wanataka kuichoma nyumba ya Twaiba. Wanangoja neno langu tu, maana mfiwa ni mimi. Mimi, ambaye hata kwenye mkutano wa shule sijawahi kuulizwa neno! Nikavimba kichwa. Nikawaambia wasijisumbue, nitaanza mwenyewe.

Alhamisi, 15 Mei
Aibu! Hakuna anayeniona nikiandika, na bado naona haya.

Nimekwenda kwa Twaiba na dumu la mafuta ya taa. Nilivaa leso mpya — sijui nilidhani naenda kupigwa picha. Nikasahau jambo ambalo kila mwanamke wa Munje analijua: masufuria ya msiba ya kijiji yanawekwa kwake. Na kesho ni hitima ya Abdulwahab. Nikamkuta uani peke yake, ameyatoa yote, anayasugua, macho yamemvimba. Hakuna aliyekuja kumsaidia. Akaliona dumu langu, akainuka.

"Umefanya vizuri kuleta mafuta, Mwanatumu," akasema. "Kuni zimenyeshewa. Nilikuwa najiuliza kesho tutawashaje."

Nilitaka kumwambia. Wallahi nilitaka. Nikasema nilijua tu zitakuwa mbichi. Kisha nikakunja leso yangu mpya, nikaketi kusugua. Mchoma nyumba hodari mimi! Tulipofika kwenye sufuria la pilau, akaanza kulia. Nami nikalia, mara ya kwanza tangu maziko. Akaniambia hajui mwanawe kafanya nini. Ikiwa kafanya, na afungwe. Afungwe, lakini asipotee. Anaogopa polisi watamtia garini asionekane tena, wala kaburi lisijulikane.

Ijumaa, 16 Mei
Hitima imesomwa. Tsuma kaniuliza mbona nyumba bado imesimama. Nimemwambia neno langu ni hakuna kuchoma. Kama Kheri ana kosa, nataka nilisikie mbele ya hakimu, na nataka kuwajua waliomtuma. Tukimchomea mama yake nyumba, nani atanitajia? Maneno makubwa! Sijui nimeyatoa wapi. Tsuma kasema nimelishwa pilau nikalainika. Pilau ilikuwa nzuri, siwezi kukataa. Vijana wameondoka wamenuna.

Jumapili, 18 Mei
Kheri kampigia mama yake simu. Yuko Lunga Lunga kwa rafiki. Yuko tayari kujisalimisha, ila anawaogopa polisi na anawaogopa vijana wa hapa. Twaiba kaja kuniomba niwasindikize. Nikiwa kando yake mimi mfiwa, kasema, watu wataona haya kumgusa. Nimekataa. Nikakataa tena. Kisha nikajisikia nauliza tunaondoka saa ngapi. Pumbavu!

Jumanne, 20 Mei
Tumemchukua Kheri asubuhi. Njia nzima nilikuwa nalipanga kofi nitakalompiga. Kanifikia, kainama: "Shikamoo, mama." Mdomo ukajibu marahaba wenyewe! Kofi ninalo bado.

Kasema aliwabeba watu wawili na mfuko, nauli ya kawaida, hakujua. Sijui kama nimwamini. Kuna macho ya uongo na kuna macho ya woga, na mimi siwezi kuyatofautisha. Kazi hiyo ni ya hakimu, alhamdulillahi.

Kituoni wameandika jina lake, wakasema kesho atafikishwa mahakamani. Nikashusha pumzi. Kumbe nimeshusha mapema. Wameingia wanaume wawili wasio na sare, hawakusema wametoka wapi. Wanataka kumpeleka Mombasa sasa hivi. Nikachungulia nje: gari lao halina namba. Twaiba kaketi chini sakafuni.

Mimi nikatoka, nikafungua mlango wa gari lile, nikaketi kiti cha mbele. Sijui nani kanituma. Naogopa mpaka nataka choo.

Mmoja kaniuliza mimi ni nani wake mtuhumiwa.

"Ndugu yangu kauawa," nikamwambia. "Huyu kijana ana mkono wake au hana, mimi sijui. Nataka hakimu aniambie. Mkienda naye, tunakwenda sote."

Kaniamuru nishuke. Nimesema magoti yananiuma. Huo ndio ushujaa wangu, magoti! Sasa wamesimama pale wanapiga simu, nami nimetoa daftari naandika, ili wanione nina shughuli. Kheri wamemleta, wamemkalisha nyuma yangu. Nasikia anavyohema. Sijageuka kumtazama, maana nikimtazama huenda nikalitoa lile kofi.

Mmoja amemaliza simu. Anakuja na ufunguo wa gari. Sishuki.