Sikio ni la Kwanza

Jumapili, 5 Oktoba 2025
Nakusalimu kwa heshima, kitabu changu, na kukuomba radhi. Tangu Pasaka sijakufungua. Macho yalinisumbua, na nyumba isiyo na mke haina habari nyingi.

Leo ninayo. Baada ya Misa nilimuuliza mjukuu wangu Joyline, wa gredi ya tatu: makao makuu ya kaunti yetu ni wapi — Homa Bay, Migori au Kisii? Alinitazama usoni, akangoja. Nzi akanitua puani, nikamfukuza.

"Migori!" akasema.

Na sisi tuko Sindo, Homa Bay, tangu enzi za mababu zake.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimejaribu tena. Samahani kwa ujanja huu. Omena, dagaa wetu wa ziwani, huanikwa wapi: juani, kisimani au kanisani? Nikagusa kidevu.

"Kanisani."

"Joyline, umewahi kuona omena kanisani?"

"Hapana, Kwara," akasema, yaani babu kwa Kijaluo. "Lakini umeshika kidevu."

Sikio ni jibu la kwanza, pua la pili, kidevu la tatu. Nani amemfundisha? Siri ya darasa, anasema. Atakayeitoa hapati peremende.

Mwalimu wake ni Nyanchoka, mpangaji wangu, binti Msabato kutoka Kisii, mpole. Ndiye aliyemfundisha Joyline kusoma. Sitaki kumdhania vibaya. Namdhania.

Jumatano, 8 Oktoba
Nilipita shuleni, eti kumsalimu Mwalimu Mkuu. Dirishani nikamwona Nyanchoka mbele ya darasa, kimya, akijikuna sikio. Darasa zima likainama pamoja, likaandika.

Mwalimu Mkuu akanishika bega. "Mzee, mwalimu wenu ana mbinu. Safari hii hatutakuwa mkia wa kanda." Akacheka. Je, anajua? Au ndiye aliyeagiza?

Jioni Nyanchoka alikuwa nyuma ya nyumba, akizungumza kwa simu na kaka yake Osoro. Nisamehewe kusikiliza. Mtihani wa pamoja ni Jumanne ijayo. Darasa lake likishika mkia tena, Januari hatarudishwa kazini.

"Mwaka jana niliwafundisha kusoma, Osoro. Nani aliniuliza kama wanasoma?"

Jumapili, 12 Oktoba
Joyline hali tena asubuhi. Anatapika uji. Nikamuuliza anaogopa nini.

"Mwalimu akisahau kujikuna."

Nimemwandikia afisa wa elimu, anayetunza karatasi za mtihani. Kwa heshima zote nimeomba darasa hilo lisimamiwe na mwalimu mwingine, na nikaeleza kwa nini. Jina la Nyanchoka sikulitaja. Atalijua tu.

Jumatatu, 13 Oktoba
Uji ulikuwa mezani Nyanchoka alipobisha hodi.

"Baba, Joyline ananiambia una barua ya kwenda kwa afisa. Ndiko naenda, nimetumwa kuchukua karatasi za mtihani. Lete nikupelekee."

"Usijisumbue, mwalimu."

"Si shida, baba. Bodaboda inangoja."

Kumdanganya sikuweza; kumwambia, pia sikuweza. Nikampa kwa mikono miwili, kama nilivyolelewa.

Alilisoma jina kwenye bahasha. Bahasha nilikuwa nimeibandika vizuri. Macho yake yalikwenda hapo hapo kwenye gundi. Kisha akanitazama. Mkono wake ukapanda taratibu hadi sikioni.

Joyline akaweka kikombe chini.

"La kwanza," akasema.

Nyanchoka akatoka, akapanda bodaboda. Pikipiki imeshapita kona ya soko. Barua yangu iko mkobani mwa Mwalimu Nyanchoka.