Stima Isiwashwe Kabla Swichi Haijawekwa

Kedowa,
Jumapili.

Mama mpendwa,

Chamgei! Najua umeitikia kwa sauti hapo jikoni, hata kama uko peke yako. Kifua cha nyanya yetu Gogo kinaendeleaje na baridi hii? Na Kibet ameanza kutembea, au bado anatambaa na kuingiza vidole kila mahali? Mimi ni mzima. Shangazi na Anko ni wazima pia, na masomo ya Kidato cha Pili yanakwenda vizuri.

Tangu Baba aliposema kwa simu kwamba nguzo za stima zimefika kwetu, na kwamba fundi anaanza kuweka nyaya wiki hii, sijatulia. Nimewaambia wasichana wote wa darasa letu. Lakini Baba alisema pia kwamba fundi amekataa kuweka ile swichi ya kukata stima, eti ni ya nyumba za mawe na yetu ya udongo haiihitaji. Siku hiyo sikujua la kumjibu. Sasa ninalo jibu, na ninaliandika ili Baba amsomee fundi neno kwa neno. Anko anakuja huko kesho kuangalia ndama, ndiye atakayekuletea barua.

Jana ilikuwa koito ya Chebet, binti wa Shangazi. Wazee wa upande wa kijana walikuwa wanakuja kuongea mambo ya mahari, na wewe unajua nyumba haiwezi kuwapokea wageni wa koito ikiwa na nyufa ukutani. Mvua ilikuwa imetuchelewesha siku nyingi, kwa hiyo akina mama wakaja kupaka ukuta asubuhi ya siku yenyewe. Mimi nilikuwa nachanganya udongo na samadi. Redio ilikuwa inaimba, na Shangazi alikuwa anapaka kwa mkono karibu na soketi, ile ya chini kando ya kabati.

Mama Cheruto, jirani yetu, akamwambia, "Paka mpaka ukingoni, Mama Chebet! Unaacha duara hapo kama jicho la ng'ombe. Wageni watacheka."

Shangazi akachota udongo mwingi uliolowa, akaupitisha juu ya soketi yenyewe. Tukasikia *tap!* Redio ikanyamaza. Shangazi akaruka nyuma, akaushika mkono wake.

"Kuna siafu ameniuma!" akasema.

"Tokeni za stima zimeisha," akasema Chebet.

"Zimeishaje na baba yako ameziweka jana?"

"Basi ni stima imepotea kama kawaida," akasema Mama Cheruto. Lakini redio ya kwake ilikuwa bado inasikika ng'ambo ya ua! Tukatazamana. Anko akatukataza kugusa kitu chochote, akampigia fundi aliyeweka nyaya za nyumba hii. Kwa bahati alikuwa kazini hapa karibu, akafika na pikipiki.

Alipofungua soketi, udongo uliolowa ulikuwa umeingia mpaka kwenye nyaya. Akatuonyesha swichi moja katika kile kisanduku cha juu ya mlango. Ilikuwa imeanguka chini yenyewe.

"Hii ndiyo imekuokoa, mama," akamwambia Shangazi. "Ulichoita siafu kilikuwa stima."

Shangazi akakaa chini kwenye kiti, na mikono yake bado ina udongo.

Mama, nilimuuliza fundi maswali mpaka Chebet akasema nimpe nafasi apumue. Alinieleza hivi: stima huingia kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, na swichi ile hupima kila wakati kama inayorudi ni sawa na iliyoingia. Ikipungua hata kidogo, maana yake inapotelea mahali pengine, pengine ndani ya mtu, na swichi inakata kabla hujapepesa jicho. Ina kitufe cha kuijaribu. Fundi akaniruhusu nikibonyeze mimi mwenyewe. *Tap!* Ninaweza kuusikiliza mlio ule siku nzima.

Kisha Mama Cheruto akauliza, polepole sana, "Na kwangu iko?"

Fundi akaenda kuangalia. Akarudi akitikisa kichwa.

"Haki ya Mungu, mimi nilipaka kwangu wiki jana! Na soketi nikaiosha na kitambaa!" Akaanza kucheka, halafu machozi yakamtoka, halafu akamshika fundi mkono. "Wewe hutaondoka hapa."

"Mama, nina kazi nyingine."

"Kazi nyingine iko na watoto wanne kama mimi?"

Basi wageni wa koito walipofika walikuta ukuta mmoja haujamalizwa, na fundi akitoka kuweka swichi kwa Mama Cheruto, ngazi begani. Mzee wao mmoja akamsalimia kwa heshima akidhani ni mjomba wa bibi harusi! Lakini mazungumzo yalikwenda vizuri, na Chebet anatabasamu hata akiosha sufuria.

Sasa nyumba yetu. Mama, kila Desemba wewe hupaka ukuta kwa mikono yako. Fundi wa huku anasema nyumba ya udongo ndiyo inayohitaji swichi hiyo zaidi, kwa sababu ukuta wake hulowa. Na tena fundi wa huko afukie fimbo ya shaba nje, aiunganishe na waya wa ardhini, na soketi ziwe juu, mbali na udongo wako na mbali na Kibet. Siku ya kupaka, zima stima yote kwanza, na usiiwashe mpaka ukuta ukauke. Naomba pia Baba anunue chaja ya miguu mitatu. Ile yake ya miguu miwili, nilimwona huku kwa Shangazi akiingiza kalamu katika tundu la juu la soketi ili chaja iingie. Kuchokoa tundu lile hufungua vifuniko vya ndani vinavyowazuia watoto. Kibet huiga kila anachomwona Baba akifanya, hata kukohoa.

Nisalimie Gogo, mwambie nitakuja na chai ya huku. Nisalimie dada yangu Chelangat, asichoke kukamua. Msalimie na mwalimu wangu wa zamani wa Sayansi, umwambie nimeanza kufikiria kwamba fundi wa stima anaweza kuwa msichana. Baba usimwambie hilo bado.

Mwambie hili tu: fundi akikataa, stima ingoje, atafutwe mwingine. Tumesoma kwa koroboi miaka yote na hatujafa. Tukifunga shule nikiona nyumba ina giza kutoka kule barabarani, sitalia. Nitaingia nikipapasa, nimtafute Kibet, nimbebe.

Mtoto wako anayekupenda,
Chepngetich