Tovuti ya Ishirini na Moja

Mdogo wangu,

Jumanne iliyopita, saa mbili na dakika kumi asubuhi, tulipoteza tovuti ishirini kwa mpigo. Nimeanza na hilo kwa sababu lingenikaba nisifike kwenye salamu. Sasa nakusalimu: hujambo? Shemeji na mapacha hawajambo? Sisi tu wazima. Mama analalamikia magoti, na anasema tukiendelea kununiana hivi, siku ya kumzika tutagombania jembe.

Wateja walianza kupiga simu kabla sijamaliza chai. Mwenye duka la vipuri alisema ukurasa wake umekuwa mweupe kama sanda. Paneli ya kusimamia seva ilikuwa imejisasisha yenyewe, ikapandisha PHP, lugha ambayo programu zetu zimeandikwa, kutoka toleo 7.4 hadi 8.3, na kila tovuti iliyoagizwa kufuata seva ikafuata kama kondoo. Programu zetu za zamani haziliwezi toleo jipya. Tarakimu mbili tu zimebadilika, na kazi ya miaka tisa imezimika!

Nikampigia muuguzi mkuu wa kituo cha kusafisha damu. Wagonjwa sitini na wanne, mashine nane, na zamu zao zote zimo kwenye tovuti yetu. Akanijibu kwamba kwao shwari, na kwamba kama nina muda wa kuulizia shwari basi sina kazi.

Nilipofungua mipangilio, tovuti ile peke yake ilikuwa imefungwa ibaki kwenye 7.4, isifuate seva, kwa mkono wako. Nikaisoma programu yako siku mbili, mistari 4,118. Nilistaajabu mpaka nikasahau hasira, na hasira ninayo: uliondoka kwenye biashara yetu bila kunikabidhi hata karatasi moja. Mgonjwa akikosa zamu, programu inamjulisha muuguzi. Wawili wakipangiwa mashine moja, inakataa katakata. Juu ya kila sehemu umeeleza sababu kwa maneno ambayo hata mimi, niliyejifunzia kompyuta kwenye duka la fotokopi, nimeyaelewa. Nani alikufundisha kuwawazia watu usiowajua kiasi hicho?

Sasa lile nililoficha. Wewe ulizifunga zote ishirini na moja kwenye 7.4. Wiki uliyoondoka nilizifungua moja moja zifuate seva, nikisema ule ni uoga wako, kisha nikamwambia Mama umeniachia seva mbovu. Ya kituo ilipona kwa sababu orodha huonyesha ishirini kwa ukurasa, nami, bingwa wa hesabu, sikufungua ukurasa wa pili.

Zote nimezirudisha 7.4, zinapumua. Lakini wenye seva wanaliondoa kabisa toleo hilo tarehe thelathini, na safari hii hata ya kituo haitapona. Zimebaki siku kumi na moja.

Wabusu mapacha, na umwambie shemeji namheshimu kwa kukuvumilia.

Utakuja tuiandike upya pamoja programu ya kituo, ndiyo au hapana? Usinijibu “tutaona”. Nataka neno lako kabla ya Alhamisi saa kumi jioni. Saa kumi na moja muuguzi mkuu anakuja kuniuliza kama tovuti yao itapona, nami sitamdanganya kama nilivyomdanganya Mama.

Ni mimi,
Kaka yako