Ng'ombe wa Mjane wa Kitabuni

Kiwanjani, Isiolo

Kwako Dada Mghoi,

Nakusalimu wewe na wote walioko nyumbani. Je, Mama miguu bado inamsumbua wakati wa baridi? Shemeji yuko? Watoto wanakula vizuri? Mimi nimepona. Narudia kwa sababu najua utamsomea Mama barua hii na atakuuliza mara mbili: nimepona. Juzi daktari alinipiga picha ya kifua akaniambia nirudi kazini. Kwa hiyo mwambie Mjomba zile mbao za jeneza alizoniwekea azitengenezee kabati. Habari zake zilinifikia hata huku, na zilinikasirisha sana.

Uliniuliza kwa nini nilikataa dawa. Sikukujibu, maana sikuwa na jibu la kumwandikia mtu. Nililazwa katika manyata ya TB, vile vibanda vya kando ya hospitali ambako wafugaji wanaotoka mbali hukaa mpaka wamalize sindano na vidonge. Mwalimu mzima nalala juu ya ngozi, nakohoa damu kati ya watu ambao lugha yao siijui. Yule mchumba wangu watu wake walikuwa wamekwisha kuvunja uchumba. Chumba changu cha mtaa wa Bulla Pesa alipewa mtu mwingine. Nikamwambia muuguzi asijisumbue kuniletea vidonge, kwa sababu sikuona nikipona nitafanya nini. Alinisihi, akanigombeza, mwisho akachoka.

Nilikuwa na kitabu kimoja cha hadithi, nilichokuwa nikifundishia darasa la saba. Jirani yangu Halima, mama kijana wa Kiborana mwenye mdomo usiotulia, alikiona. "Mwalimu, hicho kinasema nini?" Nikamsomea ukurasa mmoja ili aniache nipumzike, na hapo ndipo nilipojiponza. Aliwatafsiria wenzake, na alasiri iliyofuata nikakuta watu wamekaa mlangoni wananingoja, hata Mama Akiru wa Kiturkana, ambaye alikuwa hasemi na mtu.

Kuna mahali kitabuni mvua inashuka kutoka mlimani, inatembea kidogo, inasimama, inatembea tena. Halima alishindwa kuyatafsiri maneno hayo, akanirudisha, nikasoma upya, akanirudisha tena. Dada, maneno yale nimeyafundisha miaka mingi. Nimewauliza watoto nomino iko wapi na kitenzi kiko wapi. Siku ile ndipo niliposikia mvua. Machozi yalinitoka, nikasingizia kikohozi.

Hadithi yenyewe ni ya mjane ambaye ukame umemmalizia mifugo yote. Anabisha milango ya watu akiwa na mtoto mgongoni, na kila mlango anafukuzwa. Nilipofika hapo pumzi iliniishia, nikafunga kitabu. Mzee Galgalo, mgonjwa mwenzetu, mfugaji anayeheshimiwa sana, aliinuka akaenda zake bila kuaga.

Baada ya siku chache wanawe walifika wakimswaga ng'ombe mwekundu na ndama wake. Walikuwa wametembea naye kutoka upande wa Garba Tula. Mzee akaja kibandani kwangu akauliza yule mama yuko wapi, na ni wa ukoo gani, aje amchukue ng'ombe wake. Kwao mtu akiishiwa mifugo wenzake humchangia. Si sadaka, ni haki yake. Mimi nilicheka. Kisha nikaona ninacheka peke yangu. Nikamweleza, Halima akitafsiri, kwamba mama huyo hayupo, kuna mtu alikaa tu akamtunga, na hadithi yake inaishia palepale mlangoni.

Mzee akamtazama ng'ombe wake. "Mtu huyo ameweza kutunga ukame," akasema. "Ameweza kutunga njaa, na mtoto anayelia. Kumbe ng'ombe mmoja ndiye aliyemshinda?"

Nikamtetea mwandishi, nikasema hadithi nyingine huisha hivyo.

"Basi ng'ombe mtunge wewe. Si unajua kuandika?"

Nikamwambia mimi ni mgonjwa, sina pumzi. Akanijibu papo hapo, "Pumzi si iko kwenye vile vidonge unavyokataa?" Watu walicheka mpaka wakakohoa, na mimi nilimkasirikia yule mzee vibaya sana. Lakini siku ileile mimi mwenyewe nilimwita muuguzi. Alidhani nimezidiwa, akaja mbio. Nikamwambia lete dawa, nina mtu wa kumpa ng'ombe.

Nikaandika, Dada. Mzee alinikosoa kila mstari: ng'ombe mgeni haingii bomani hivyohivyo, kwanza anasimama ananusa. Mama Akiru akadai mjane apewe na punda wa kubeba maji, nikampa. Halima akataka aolewe, nikakataa, tukanuniana siku nzima. Nikawa naamka na hamu ya kuanza siku, kitu ambacho nilikuwa nimesahau kabisa. Sikujua kama mkono wangu unaweza kutengeneza kitu kizuri hivyo, watu wakanyamaza kukisikiliza. Na yule ng'ombe mwekundu Mzee alikataa kumrudisha, eti akishatolewa ametolewa. Maziwa yake tuliyanywa manyata nzima.

Siku ya kuruhusiwa niliwasomea sehemu ya mwisho. Mjane anakamua, mtoto anakunywa, nikasema imekwisha. Mzee akauliza, "Na yule ndama, akikua?" Nikamjibu sijui, tungoje tuone. Halafu nikashtukia nimesema tungoje tuone, mimi ambaye sikutaka kuiona kesho.

Basi msije kunichukua. Nimepata chumba hapa Kiwanjani, na darasa langu linanisubiri Jumatatu. Nitakuja likizo kwa miguu yangu. Mshike Mama mkono kwa niaba yangu. Msalimie Shemeji, Shangazi wa kule bondeni ambaye hakuacha kuniombea, na Mjomba pia, ingawa hastahili.

Ni mimi mdogo wako, mzima na mwenye kazi nyingi,

Wakesho