Simu Niliyomnunulia Baba

Machi 4

Shikamoo baba. Natumaini u mzima na mgongo umepoa. Sisi hatujambo, wajukuu wanakusalimu.

Baba, nimekasirika. Unacheza kamari kwenye simu! Asubuhi mpira, mchana yale magurudumu yanayozunguka. Hivi sheria inaruhusu mtu kugeuza nyumba yake kasino? Acha mara moja.

Binti yako

Machi 15

Marahaba mwanangu. Mgongo ni uleule. Naandika kwenye karatasi, makusudi.

Nimejiuliza wiki nzima nani kakwambia, maana sijamwambia hata paka. Mwishowe kinyozi jirani yangu, anayejua mambo ya simu, akaikagua simu. Kumbe siku ile uliposema "nakuwekea picha za wajukuu", uliunganisha ujumbe wangu wote uje kwako!

Nimekwenda kwa wakili. Kasema mtu mzima kucheza nyumbani kwake, kwa kampuni yenye leseni, si kosa hapa kwetu. Kosa ni kusoma simu ya mwenzio kwa siri. Basi mhalifu wa familia ni wewe.

Miaka arobaini ya ufundi nafungua saa za watu, sijafungua hata moja ambayo mwenyewe hakuniletea. Umeniudhi sana.

Baba yako

Machi 22

Shikamoo baba. Wakili! Mimi sili wala silali, wewe unanitafutia kifungu cha sheria? Nikikuuliza hali unajibu "nzuri" tu, ningejuaje? Na hiyo kampuni nimeiandikia kwa jina lako ikufungie akaunti. Nichukie ukitaka.

Binti yako

Aprili 3

Baba, simu yako haipatikani. Hujambo? Tafadhali nijibu.

Binti yako

Aprili 12

Sijambo. Simu yako hiyo nakurudishia, nimeifunga kwenye kifurushi hiki pamoja na chaja. Ukitaka habari zangu, niulize kama watu wanavyoulizana.

Baba

Aprili 20

Shikamoo baba. Nimekosa, nisamehe. Sikupaswa kusoma ujumbe wako kwa siri.

Nakuuliza basi. Bado unacheza?

Mwanao

Mei 2

Marahaba mama. Nimeandika barua hii mara tatu nikaichana.

Ndiyo, nacheza. Uliponifungia kule nikahamia kampuni nyingine, kwa simu ya kinyozi. Nataka kuacha, nashindwa. Vifaa vyangu vya saa nimeuza vyote, hata kile kioo cha jichoni ulichokuwa ukikichezea utotoni. Meza iko tupu, wateja nawaambia naumwa.

Hayo hayakuwamo kwenye simu. Umeuliza, nimekwambia. Njoo.

Baba yako