Shamba Namba Tisa Limepogolewa

Alhamisi, Julai 1974. Ukungu tangu asubuhi, kisha mvua ya mawe saa nane, kama kawaida yake. Nimechoka hata kalamu naiona nzito.

Ndugu yangu Nyakundi amelala kitandani kwangu hapa leini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai, mkono umefungwa kwa shuka. Jumatatu alikatwa panga. Kidonda kimeanza kunuka, lakini dispensari hataki kusikia, anaogopa wataita polisi.

Nyakundi hubeba bhangi kutoka upande wa Chepilat. Yeye na wenzake huifukia chini ya michai, kila mtu na mstari wake, na alama yake ni kichaka kilichozidi vingine au tawi lililovunjwa. Wiki jana shamba namba tisa lilipogolewa. Vikabaki visiki vya kufika magotini, vyote sawasawa. Nyakundi akakosea mstari, akafukua gunia la mwingine, na mwenyewe akamkuta nalo mgongoni.

Orodha ya mashamba ya kupogolewa niliiandika mimi, karani. Nilijua anafukia wapi. Nikanyamaza, eti nisiingie katika mambo yake.

Leo kwenye mizani ya majani nyapara wetu, mzee Kipkorir, alisema, "Karani, hii bhangi serikali ikubali tu. Bar iko na laiseni. Umeona nani amekatwa juu ya kreti ya bia?"

Maneno yake nimeshinda nayo. Bhangi siipendi. Ilimharibu binamu yetu akili, na laiseni isingemponya. Lakini gunia lile lingekuwa la mahindi, Nyakundi angesema samahani, nimekosea mstari, nyapara angeamua na yangeisha. Mwenye bhangi atamshtakia nani? Hakimu wake ni panga.

Labda mzee amesema kweli. Sijui. Ninachojua ni kwamba sheria haikunizuia kumwambia ndugu yangu neno moja.

Naona aibu.

Kesho asubuhi nitampeleka dispensari, akitaka asitake. Wakimfunga, jela watu hutoka. Michai ya namba tisa itachipua tena kabla ya Krismasi, lakini mkono ukikatwa ndio basi.

Njiani nitamwambia kuhusu orodha. Mpaka sasa anadhani alikuwa na bahati mbaya tu.