Siku Kumi na Mbili za Eda ya Mama

Jumatatu, 22 Aprili 1991. Chovai

Kismayo kumechafuka tena, redio imesema. Barua ya London nimeipata leo, imepitia Lamu, ina wiki saba! Prodyuza anauliza kipindi cha nne kiko wapi. Kile kichekesho changu cha televisheni, familia isiyotoka nyumbani. Nilikibuni mwenyewe, nikasifiwa. Haya, sasa naishi ndani yake. Baba tulimzika Desemba, Mama yuko eda, zimebaki siku kumi na mbili. Hatoki nje.

Jumatano, 24 Aprili

Wenye bunduki wameshuka Fuma, kisiwa cha jirani. Wamebeba nyavu, mashine za boti, hata masufuria. Nusu ya Chovai imeshakimbilia Kenya. Shuaibu, mtoto wa ami yangu, anaondoka Ijumaa asubuhi maji yakijaa. Katuwekea nafasi mbili kwenye boti yake. Nimemwambia Mama. Kasema, "Zimebaki siku kumi, mwanangu." Basi!

Miaka kumi na moja nalipwa kuwatoa watu jukwaani kwa kalamu. Gazeti moja la kule liliandika hakuna anayejua kumtoa mhusika mlangoni kama Rawda Bakri. Waje wamtoe huyu!

Alhamisi, 25 Aprili

Nimemleta Sheikh Idarus. Kasimama nje ya pazia, kasema penye hofu ya roho mjane anaruhusiwa kuhama, eda ataimalizia huko aendako. Nikashangilia moyoni. Mama kamshukuru vizuri, kisha: "Wewe umeniruhusu, sheikh. Na marehemu je? Mchu, mume wangu, kakaa nami miaka arubaini na moja, mimi zinishinde siku tisa?"

Sheikh kaaga. Mimi nimelia jikoni, kwa hasira. Maneno mazuri namna ile, na sikuyaandika mimi.

Ijumaa, 26 Aprili

Moshi Fuma. Maji yamejaa. Nimembembeleza, nimepiga magoti, nimemkaripia – Mungu anisamehe. Yeye anakunja nguo zangu! Kalibeba sanduku langu mpaka mlangoni, kalisukuma nje kwa mguu, mguu wenyewe haukuvuka kizingiti. "Nenda kazini kwako." Kazi gani!

Shuaibu kaita mara mbili. Ya tatu anang'oa nanga, kasema. Nimekaa juu ya sanduku, Mama yuko nyuma ya pazia, namsikia anavyohema. Naogopa. Kwenye michezo yangu, hapa ndipo mimi huliandika lile neno langu lililonilisha London: anatoka.

Nimeliandika. Rawda anatoka.

Bado nimekaa.